Mliokuwa Bondeni (Afrika Kusini) miaka ya 90, enzi za muuaji Sithole na wenzake: tupeane uzoefu

Soksi Hillbrow: Kuna binti kanionesha tangazo la kazi: njoo peke yako na vyeti, nauli utarudishiwa. Moses Sithole akanijia kichwani papo hapo. 1995 nilikuwa machinga Hillbrow. Jamaa alijifanya ana shirika la kupinga unyanyasaji, anawaahidi akina dada kazi, kisha anawapitisha njia za mkato porini na kuwaua. Maiti zilikutwa Atteridgeville, Boksburg, Cleveland, ndiyo maana yakaitwa mauaji ya ABC. Mandela mwenyewe alikwenda Boksburg kuwaomba wananchi wasaidie. Mliokuwepo shukeni.

Dada wa Yeoville: Nilikuwa natafuta kazi za ndani kipindi hicho. Watu wanadhani alikuwa na sura ya kutisha. Wapi! Mpole, mtanashati, anaongea taratibu. Na sisi wenye shida ya kazi tungemkatalia vipi?

Mtu wa Pwani: Kweli kabisa.

Kamanda Mstaafu: Mnachanganya. Muuaji wa Cleveland alikuwa David Selepe, alikamatwa Maputo Desemba 1994.

Soksi Hillbrow: Mkuu, Selepe alipigwa risasi na polisi akiwa chini ya ulinzi, na maiti zikaendelea kuokotwa. Sithole alidakwa Benoni Oktoba 1995, baada ya kulipigia simu gazeti la The Star kujisifu.

Kamanda Mstaafu: Sijasema Sithole hakuua. Soma vizuri. Hata hivyo wangemnyonga tu.

Dada wa Yeoville: Kunyonga kulifutwa na Mahakama ya Katiba Juni 1995, kaka. Alipewa miaka 2,410 kwa mauaji 38. Aoze humo.

Fundi Pasi: Niacheni niseme yangu. 1997 nilikuwa fundi cherehani katikati ya Johannesburg. Zikaanza habari za mafundi kukutwa dukani wamepondwa vichwa kwa nyundo. Bosi akawa anafunga geti la chuma mchana kutwa. Mteja anasimama nje, mimi napitisha mikono kwenye nondo nampima kiuno. Siku hiyo bosi kaenda kula. Kaja jamaa na suruali ya kupunguza na rambo zito, likigusa nondo linalia ngaa! Anataka nimfungulie aijaribie ndani. Nikamwambia ufunguo anao bosi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hakukasirika, akabaki ananitazama tu. Mguu wangu ulishasahau pedali, cherehani inashona hewa. Nikaanza kumuuliza habari za mpira, sijui hata nilitaja timu gani. Bosi aliporudi, jamaa akafungua rambo atoe pesa: spana na vipande vya bomba. Fundi bomba! Suruali aliifuata Ijumaa.

Mtu wa Pwani: Nimeshika roho muda wote huo kwa ajili ya fundi bomba?

Fundi Pasi: Wewe hukuwepo. Cedric Maake, yule muuaji wa Wemmer Pan, alipokamatwa Desemba 1997 ndipo nikalala. Mauaji 27, miaka 1,340.

Kamanda Mstaafu: Hii stori ina chumvi.

Dada wa Yeoville: Fundi, ulimpunguzia bei au bado ulimchaji?

Miwa Durban: Huku kwetu muuaji alikuwa Sipho Thwala, mtaa wa Phoenix. Mtego ule ule wa kazi, ila yeye anawapeleka kwenye mashamba ya miwa. Miwa huchomwa kabla ya kuvunwa, kwa hiyo na ushahidi unateketea. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilimkamatisha, akahukumiwa miaka 506.

Soksi Hillbrow: Huyu hata jina wengi hawalijui. Haya, binti nimwambieje?

Mtu wa Pwani: Aende na mama yake mzazi.

Miwa Durban: Akienda na mama kazi hapati. Amwachie mtu jina la ofisi na namba, usaili wa vichakani akatae.

Kamanda Mstaafu: Abebe nyundo.

Fundi Pasi: Nyundo tena??

Dada wa Yeoville: Waliokuwa Cape Town enzi za yule mnyongaji wa Mitchells Plain mbona kimya?

Bahari Mbili: Tupo dada. Nikitoka kazini naandika. Yale yalikuwa mauaji ya watoto wa kiume, tangu 1986 hadi 1994, na mwalimu aliyefungwa alitiwa hatiani kwa mmoja tu. 2023 wamemtoa kwa parole.