Wiki moja kwenye boti ya kukodi: hii fomu ya chakula tuijazeje?

Bi_Tausi:
Wadau, hamjambo? Mimi na ndugu zangu tumekodi katamarani, ile boti ya matumbo mawili, kwa wiki moja, tutazunguka visiwa vya ukanda wa joto. Tuko wanane, na boti inakuja na nahodha na mpishi wake. Juzi tumeletewa fomu ya kurasa nne: mnakula nini, hamli nini, saa ngapi, mnakunywa nini. Mume wangu anasema tuandike "chochote" yaishe. Mdogo wangu yeye kashapanga milo yote ishirini na mmoja, hadi rangi ya vitambaa vya meza. Mmoja wetu ana mzio wa kamba na kaa. Halafu, tukivua samaki njiani tunaweza kumla siku hiyo hiyo? Waliowahi kusafiri hivi, naombeni uzoefu wenu.

Jungu_la_Sitaha:
Bi Tausi, nimepika kwenye boti za kukodi miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nivumilie, nina maneno mengi. Mwambie shemeji, kwa heshima zote, hilo neno "chochote" hunitia homa kuliko dhoruba. Niliwahi kupata wageni sita walioandika hivyo. Nikanunua, nikapakia, tukang'oa nanga. Jioni ya kwanza naambiwa mzee hali kitunguu, hata harufu yake haitaki. Nami nilikuwa nimeshakitia kwenye mchuzi na kwenye nyama yote iliyolala kwenye viungo. Duka la karibu lilikuwa mwendo wa siku nzima. Mzee wa watu alikula mayai na viazi mpaka siku ya tatu, na kila sahani ananishukuru. Bora angenigombeza.

Kwa hiyo andikeni msivyokula, mtu kwa mtu, kwa jina. Mwenye mzio msiandike "hapendi kamba". Andikeni mzio, akila hutokewa na nini, dawa yake anaibeba nani. Jiko la boti lina nafasi ya watu wawili wakipishana kwa ubavu, vikaango na mbao za kukatia ni vya kuhesabu. Nikijua mapema, kamba haingii botini kabisa. Nikijua tumeshatweka, kazi ya kutenganisha kisu na kisu haina uhakika.

Mdogo wako nampongeza kwa bidii, ila asitufunge mikono. Menyu ya boti hupangwa na friji na bahari. Majani laini na matunda yaliyoiva huliwa siku mbili tatu za mwanzo. Kabichi, karoti, maboga na malimau ndiyo yanayofika mwisho wa wiki. Akitaka saladi siku ya sita, atapewa ya kabichi, na aipende. Bahari nayo ikichafuka hakuna supu, mtakula kitu cha kushika mkononi. Katamarani hailali upande kama boti ya matanga ya kawaida, lakini hurushwarushwa, na sufuria ya maji ya moto haina adabu.

Sasa friji, hapa ndipo wageni wanaponiua. Chakula kinatakiwa kibaki nyuzi 4 au chini yake, nje ni joto la kuyeyusha siagi, na umeme wenyewe unategemea betri. Halafu watu wanane wanaifungua kila dakika kutafuta soda. Mwaka wangu wa pili nilitupa kuku wote wa safari kwa sababu hiyo. Siku hizi vinywaji naviweka kwenye sanduku la barafu kule sitahani. Friji ya nyama ni yangu, sicheki na mtu.

Mtakachonunua wenyewe msikilete na maboksi yake. Mende hujificha kwenye mikunjo ya kadibodi, na wakishazaliana botini hawatoki.

Nahodha_Mstaafu:
Nijibu la samaki, maana Jungu kaliruka. Inategemea umemtoa wapi. Wa maji makuu, kama fulusi na jodari, kuleni, ila aingie kwenye barafu mara tu atokapo majini. Jodari akiachwa juani, sumu iitwayo histamini hujijenga kwenye nyama yake na moto hauiondoi. Ukionja ukahisi ukali kama pilipili, tema.

Wa mwambani ni habari nyingine. Mzia, chewa mkubwa, mkunga, hao simpandishi hata mmoja mezani kwenye maji nisiyoyajua. Kuna sumu ya siguatera. Inaanzia kwenye vijimea vidogo mno vinavyoishi juu ya mwani wa matumbawe, samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, sumu inazidi kurundikana. Haina harufu wala ladha, na kupika au kugandisha hakusaidii. Aliyeipata midomo humfa ganzi, na kitu cha baridi akikigusa anahisi kinamuunguza. Mambo ya kumjaribia paka au kutazama kama nzi wanatua ni porojo. Waulizeni wavuvi wa hapo hapo. Na kabla ya kutupa ndoana ulizeni kama ni hifadhi; sehemu nyingi hairuhusiwi.

Mgeni_Mara_Mbili:
Someni mkataba upande wa pesa. Safari yangu ya kwanza chakula kilikuwa ndani ya bei. Ya pili tulitakiwa kutanguliza fungu la matumizi, la chakula, mafuta na ada za bandari, ambalo aghalabu ni asilimia 25 hadi 35 ya kodi ya boti. Nahodha hutunza risiti, na chenji hurudishwa mwishoni. Sisi tuliandika vinywaji vya bei mbaya bila kufikiri, chenji ikawa hadithi.

Bi_Tausi:
Asanteni sana jamani. Mawili ya mwisho. Chakula cha jioni tuandike saa ngapi? Na mama mkwe wangu huamka saa kumi alfajiri kutaka chai. Anaweza kujipikia bila kumsumbua mpishi?

Jungu_la_Sitaha:
Jioni andikeni saa kumi na moja na nusu. Kule jua likizama giza huanguka ghafla, mkiwasha taa mezani wadudu ndio wanatangulia kula. Boti ikiwa nangani huelekeza omo, yaani pua yake, kwenye upepo, kwa hiyo kaeni mbele ya jiko la mkaa, ambalo hufungwa tezini, kule nyuma, moshi uende zake baharini.

Mama asiwashe jiko, tafadhali. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka na kutulia kwenye ngama, chini kabisa ya boti, ikingojea cheche. Ndiyo maana mimi hufunga mtungi kila nikimaliza kupika. Andikeni kwenye fomu kabisa: mama, chai, saa kumi alfajiri. Mpishi mwenye akili atamwachia chupa ya chai ndani ya sinki, isianguke, na kikombe chake pembeni.

Bi_Tausi:
Kalamu nimeshamnyang'anya mume wangu. Mdogo wangu anauliza, na vitambaa vya meza je?

Jungu_la_Sitaha:
Avilete, pamoja na vibanio vya nguo. Vingi.