Kwa nini minyororo ya polistairini hurefuka baadaye ilhali thioli ilitiwa?

Kijana wa Ujiji: Shikamooni wakubwa. Niko nyumbani likizo, naandika ripoti ya maabara ya chuo. Tulipolimisha stairini, yaani tuliunganisha molekuli zake kuwa minyororo ya plastiki ya polistairini, kwa nyuzi 60 kwa AIBN, kianzishi kinachowasha mmenyuko, tukatia dodekanithioli (thioli, yaani kiungo chenye salfa na haidrojeni) mwanzoni ili kufupisha minyororo. Sampuli ya kwanza ilitoka fupi kama tulivyotarajia, lakini ile iliyochukuliwa baada ya nusu ya stairini kutumika ilichanganya mifupi na mirefu mno. Je, thioli iliacha kufanya kazi?

Mwalimu wa Tabora: Marahaba, mwanangu. Haikuacha kazi, ilikwisha. Radikali, yaani elektroni isiyo na mwenzake, iliyo kwenye ncha ya mnyororo ama hujiunga na stairini, ama hunyakua haidrojeni ya thioli, na uwiano wa visobadilika vya kasi vya njia hizo mbili ndio C ya uhamisho. Kwa thioli hiyo ndani ya stairini, C ni takribani 15, maana yake thioli huliwa upesi kuliko monoma, yaani stairini yenyewe. Inayobaki ni (1 − p) kwa kipeo cha C, p ikiwa sehemu ya stairini iliyotumika. Piga hesabu: p ikifika 0.1 thioli imebaki asilimia 21 hivi, na ikifika 0.2 haizidi asilimia 4! Minyororo iliyozaliwa baada ya hapo haikuwa na wa kuikata. Ndiyo maana mlinganyo wa Mayo, unaohusisha urefu wa minyororo na kiasi cha thioli, tunautumia kwa sampuli za mwanzo kabisa. Mkirudia, idondosheni thioli kidogo kidogo kadiri mmenyuko unavyoendelea.

Kijana wa Ujiji: Ahsante sana, mwalimu. Mwenzangu anapendekeza tuiache thioli, tuongeze kianzishi tu. Kuna ubaya?

Mpolima: Upo. Kasi hufuata kipeuo cha pili cha kianzishi, yaani ukikizidisha mara nne, kasi huongezeka maradufu huku urefu ukipungua nusu tu, na joto la mmenyuko huwa gumu kulidhibiti. Thioli hufupisha bila kugusa kasi kwa kiasi kikubwa, kwa sababu radikali ya salfa huanzisha mnyororo mpya papo hapo. Mkitaka minyororo yenye urefu unaokaribiana, tafuteni trithiokaboneti, kiungo cha salfa kinachohamisha radikali, na mfuate njia ya upolimishaji iitwayo RAFT, iliyotangazwa na watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la Australia, mwaka 1998. Humo uhamisho hurudi nyuma, na minyororo yote hupokezana radikali na kukua pamoja. Kwa njia yoyote mtakayochagua, pitisheni nitrojeni kwanza, kwani oksijeni hunasa radikali kabla ya stairini.