Kwa nini nyama ya jodari nyekundu na ya tewa nyeupe?

BintiMkomani: Habari za jioni wadau. Mdogo wangu yuko fom two, wamefundishwa baiolojia ati umbo la kiungo na kazi yake haviachani, sasa kaja nyumbani kamkuta mama anakata samaki akauliza mbona jodari mwekundu hivi na tewa mweupe pe na wote wa bahari hii hii? Mama kasema ni damu tu, osha. Tumeosha mpaka basi na iko vile vile. Nani anajua?

NahodhaShela: Dada hiyo si damu. We anza na mkia. Jodari mkia wake mgumu, umepinda kama mwezi mwandamo, na shina lake jembamba, huyo ni wa safari usiku na mchana, tena akisimama anakosa pumzi maana maji lazima yaingie kinywani yapite kwenye matamvua huku anakwenda. Tewa mkia mpana wa mviringo, kinywa kikubwa, anajificha mwambani, kisamaki kikipita anafumbua kinywa ghafla anakivuta pamoja na maji, basi anarudi pangoni.

MwalimuLangoni: Nahodha kasema kweli. Wekundu ule ni mayoglobini, protini iliyo ndani ya msuli wenyewe, inashika oksijeni, ndo maana hautoki kwa kuosha na ukipika unageuka kahawia. Msuli wa mwendo mrefu unataka oksijeni muda wote. Ule mweupe ni wa kushtukia, una nguvu sana ila unachoka upesi. Hata kuku, anatembea kutwa paja lake jeusi, kifua cheupe maana kuruka kwake ni mara moja moja. Njiwa anaruka mbali, kifua chake chekundu.

Kusi_na_Kaskazi: Maalim hapo sikubali, nguru naye mbio zake mnazijua, mbona nyama yake nyeupe?

MwalimuLangoni: Swali zuri sana hilo! Kata kipande cha nguru cha mviringo, tazama ubavuni chini ya ngozi utaona utepe mweusi, wengine huutoa kwa ladha yake kali. Huo ndio msuli wake wa safari, nyeupe iliyobaki ni ya kufukuzia. Kwa jodari msuli huo umeingia ndani karibu na uti wa mgongo, na hata nyama yake nyingine ina mayoglobini nyingi kuliko ya tewa. Halafu mishipa inayoleta damu baridi kutoka kwenye matamvua imelala sambamba na ile inayotoa damu yenye joto, joto linavuka mshipa hadi mshipa badala ya kupotelea baharini, kwa hiyo msuli wa jodari una joto kuliko maji anayoogelea na unafanya kazi haraka zaidi. Nguru ni wa ukoo mmoja naye lakini hana mpango huo wa mishipa.

BintiMkomani: Mashallah, nimerudi jikoni nikaangalia, kweli karibu na uti kuna pande jeusi zaidi huku na huku, ndilo mama humpa paka kila siku. Nalipiga picha sasa hivi mdogo wangu akamwonyeshe mwalimu wake. Shukran sana maalim, na nahodha pia.