Besi dramu ya inchi 18 au 22 kwa jazi ya vyumba vya Mji Mkongwe?

Kiponda_Dramu
Assalaam alaykum nyote. Tuko watatu, piano, besi na mie kwenye dramu, na tunapiga zaidi kwenye vyumba na mabaraza ya hoteli za Mji Mkongwe. Nnataka kununua seti na nimebakisha mbili: ndogo, besi dramu (ile ya kupigwa kwa mguu) ya inchi 18 na tomu (ngoma za kati) za 12 na 14, au kubwa, 22 na tomu za 13 na 16.

Roho yangu iko kwa Elvin Jones, mpiga dramu wa jazi aliyekaa na mpiga saksafoni John Coltrane kuanzia 1960 hadi mwanzoni mwa 1966. Kwa wapiga dramu wengi toazi hushika mwendo, snea (dramu ndogo yenye waya chini) ikapamba. Elvin hayagawi hivyo. Mapigo yake matatumatatu yanazunguka mwili mzima: snea inaanza, tomu inaitikia, mguu unamaliza, na toazi juu halikatiki. Kila nikimsikiliza nasikia mzunguko mmoja mkubwa, na bado pigo la kwanza liko pale pale. Mdogo wangu yeye anasema nimuache, nimfuate Tony Williams, mpiga dramu mwengine wa jazi, na ninunue seti kubwa. Mnasemaje?

Mizingani
Waalaykum salaam. Chukua 18 bila ya kusita. Kuta zetu ni mawe na chokaa, hazimezi sauti. Besi ya 22 ndani ya chumba kama hicho inavuma hata mpiga besi wenu asisikike. Halafu fikiria kuipitisha vichochoroni ambako gari haifiki.

RahaLeo
Kaka Kiponda, mdogo wako ana haki yake kwa Tony, ila kachanganya nyakati. Tony aliingia kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963, ana miaka 17, na miaka ile alipiga seti ya Gretsch yenye besi ya inchi 18, sawa na Elvin. Alipoondoka 1969 akaanza kupiga na magitaa ya umeme yenye kelele, ndipo baadaye alipohamia besi ya 24 ili asizamishwe. Kwa hiyo 18 au 22 si suala la Elvin au Tony. Jiulize mnapiga kwa nguvu gani.

Nami nampenda Tony kwa toazi lake. Lile K. Zildjian la zamani lililotengenezwa Istanbul ni kavu, kila mguso wa kijiti unausikia peke yake hata akienda mbio. Huwezi kuyanunua hayo kwa ukubwa wa besi dramu.

Sanduku_na_Mkwasa
Mie mtu wa kidumbak, muziki wetu wa ngoma wa Zanzibar, jazi nimeijia ukubwani. Nilipomsikia Elvin sikuona ugeni. Kwetu vidumbak, ngoma ndogo, vina lao; mkwasa, vijiti vya kugonganisha, una lake; cherewa, manyanga ya kutikisa, zina lao. Hakuna hata mmoja anayepiga ngoma nzima, na ngoma nzima inasikika. Elvin anayafanya hayo peke yake, kwa mikono miwili na miguu miwili. Ukitaka kumjua, kijana wangu, shika sehemu mojamoja: wiki nzima mguu na snea tu, tomu ziache.

Nakubaliana na 18.

Bi_Shangani
Mwanangu, angalia na chuma. Hewa ya bahari inakula rimu na skrubu usipozifuta kila baada ya kupiga. Ngozi weka za plastiki zenye mkwaruzo, brashi zipate pa kusugua. Unyevunyevu wa masika hauzilegezi kama ngozi ya mbuzi. Na pesa ikiwa haba, seti nunua iliyotumika, toazi ununue zuri.

Kiponda_Dramu
Ahsanteni sana. Shikamoo Bi Shangani. Basi ni 18, na RahaLeo nimekufahamu kuhusu toazi. Swali moja: nitie blanketi ndani ya besi?

RahaLeo
Usitie. Sauti ya 18 ya jazi inatoka kwa kuiacha wazi na kuikaza juu, iimbe kama tomu kubwa. Ngozi zote mbili ziwe nzima, ile ya mbele isitobolewe. Ikivuma mno, bandika ukanda mwembamba wa kitambaa kwenye ngozi ya kupigia, na usiukandamize mguu. Gusa, nyundo irudi.