Naomba ushauri: masta ya elimu nikiwa mwalimu wa darasa la kwanza

Wakuu, habari za jioni. Nilianza ualimu na cheti cha Daraja A, nikajiendeleza hadi digrii. Sasa nina darasa la kwanza, watoto 94 chumba kimoja, na hadi Novemba kuna wanaoandika b kama d. Ndipo nikapata hamu ya masta, nibobee kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu).

Nimekwama: nisome Chuo Kikuu Huria huku nafundisha, au niombe ruhusa niende Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM)? Barua yangu ya mwaka jana ililala mezani kwa mtu miezi minne, wee! Ada natoa mfukoni, na mkopo wa benki bado unanikata.

Mliopitia njia hii, tasnifu mliandika saa ngapi? Mlipomaliza mlibaki darasani? Mimi ofisini sitaki.