Mjadala: Wilaya ya Kutch igawanywe au ibaki moja?

Wakuu, habari zenu. Wengi wetu wa pwani tuna jirani au rafiki ambaye wazee wake walitoka Kutch, na hadi leo kwao wanaongea Kikutchi. Watu wa Mandvi na Mundra, miji ya bandari ya Kutch, walifika Unguja kwa majahazi, na Jairam Shivji, Banyani mwenye asili ya huko, ndiye aliyeshika ushuru wa forodha Zanzibar enzi za Seyyid Said. Leo naomba tuizungumzie Kutch yenyewe, kule jimboni Gujarat, India.

Mimi nasema igawanywe.

Tazameni ukubwa wake: kilomita za mraba 45,674. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India. Imeipita Haryana, ambayo ni jimbo zima lenye bunge lake na waziri kiongozi wake. Sensa ya 2011 ilikuta watu 2,092,371 tu, kwa kuwa eneo kubwa ni Rann, lile jangwa la chumvi linalofunikwa na maji msimu wa mvua kisha likakauka na kuwa jeupe. Wilaya ina taluka 10. Taluka ichukulieni kama tarafa yetu, ina ofisa wake anayeitwa mamlatdar wa kushughulikia ardhi na kodi. Shauri likimshinda linapanda ngazi mpaka kwa kolekta, ambaye ndiye mkuu wa wilaya. Kolekta ni mmoja na yuko Bhuj, makao makuu ya wilaya. Mtu wa Khadir, kisiwa kilichomo ndani ya Rann penye magofu ya Dholavira, kwa miaka mingi alizungukia miji ya mashariki ya Rapar na Bhachau, zaidi ya kilomita 200, ndipo afike kwa kolekta wake.

Mwaka 2013 Gujarat iliunda wilaya saba mpya, zikawa 33. Morbi, jirani wa Kutch ng'ambo ya Rann Ndogo, ilipata yake. Mwaka 2025 wilaya ya Vav-Tharad ikamegwa kutoka wilaya ya Banaskantha. Kutch haikuguswa mara zote mbili. Ajabu ni kwamba polisi wameshaigawa: Kutch Magharibi makao yake Bhuj, Kutch Mashariki makao yake Gandhidham. Ikiwa kamanda mmoja hatoshi, kolekta mmoja anatoshaje kwa ardhi, maji na maafa?

Kwenye maafa ndiko roho inakoniuma. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko liliangusha Bhuj, Anjar, Bhachau na Rapar kwa asubuhi moja. Hospitali kuu ya wilaya, iliyokuwa Bhuj, iliporomoka na watu ndani. Vijiji vya mashariki vilivyokuwa vikitegemea msaada wa Bhuj vilikuwa vinautegemea mji ambao wenyewe ulikuwa chini ya kifusi. Wilaya kubwa namna ile, penye historia ya matetemeko tangu lile la 1819, haifai kuwa na kichwa kimoja.

Karibuni.

*Jibu, kutoka Mombasa*

Kaka, nakupinga kwa heshima. Wakwe zangu ni Wakutchi, na jambo hili linazungumzwa sana kwao. Kutch haikuzaliwa kama wilaya. Ilikuwa dola. Rao Khengarji wa Kwanza aliifanya Bhuj makao makuu mwaka 1549, na ukoo wa Jadeja ukatawala hadi 1948. Baada ya hapo ilikuwa chini ya Delhi moja kwa moja, mwaka 1956 ikaingizwa jimbo la Bombay, na 1960 Gujarat. Wapo wanaodai hadi leo irudi kuwa jimbo peke yake. Kikutchi chenyewe hakimo katika Jedwali la Nane la Katiba, zinamotajwa lugha zinazotambuliwa rasmi. Watu waliobakiwa na jina moja na mpaka mmoja, wewe unataka mpaka nao ukatwe katikati? Tena mashariki wataondoka na bandari ya Kandla na mji wa Gandhidham, magharibi waachiwe taluka ya Lakhpat na upepo wake. Barabara mpya ya kutoka Khavda hadi Dholavira imeshapunguza ule mzunguko uliousema. Wajenge barabara zaidi, waiache wilaya.

*Jibu, kutoka Baringo*

Mimi naulizia Banni, yale malisho yaliyo kaskazini mwa Bhuj. Wafugaji wake, maldhari, wanahangaika na mti uleule wa miiba unaotusumbua huku, mathenge (Prosopis). Kule idara ya misitu iliupanda tangu miaka ya 1960 kuzuia Rann isisogee, sasa umemeza nyasi. Banni ilitangazwa msitu wa hifadhi mwaka 1955, na ubishi wa nani mwenye mamlaka, misitu au ofisi ya ardhi, haujawaisha. Mfugaji ana ofisi mbili zinazosukumana. Ukiongeza wilaya ya pili, ukame ukimfanya ahamishe mifugo mashariki, atakuwa na ofisi ngapi?

*Mleta mada*

Ndugu wa Baringo, hoja yako ni nzito kuliko zote hapa. Kwa mpaka wa polisi, Banni yote inabaki magharibi, haikatwi. Ila ruhusa ya kulisha ng'ambo ya mpaka iandikwe kwenye amri yenyewe ya kuigawa wilaya. Isiachwe kwa hisani ya ofisa.

Dada wa Mombasa, kuhusu mapato: Kandla ni bandari ya serikali ya Delhi, kolekta hapati forodha yake. Na kwa mpaka huohuo wa polisi, Mundra yenye bandari kubwa ya binafsi inaangukia magharibi, pamoja na Mandvi. Hawaachiwi upepo. Kuhusu umoja, kiti cha Kutch katika bunge la Delhi ni kimoja na vya bunge la Gujarat ni sita, na kugawa wilaya hakuvigusi. Kifungu cha 371 cha Katiba kinapozungumzia bodi za maendeleo kinaitaja Kutch kwa jina, wala hakijasema lazima iwe na kolekta mmoja. Dai la jimbo linaweza kubebwa na wilaya mbili. Haryana ina zaidi ya 20.

Mahali ninapotofautiana na wanaotaka igawanywe haraka ni makao makuu. Wengi wanaitaja Gandhidham kwa sababu ya fedha. Gandhidham iko karibu na bandari lakini mbali na Rapar, penye ukame na shida kubwa ya maji. Bhachau iko njiani kati ya hiyo miji miwili, na ofisi ikiwekwa hapo mtu wa Khadir naye atanufaika.

Dada, wakwe zako ni wa taluka gani? Mtu wa Mandvi anakwenda Bhuj asubuhi na mchana yuko kwake. Ningependa sana tumsikie wa Rapar.