Sumbula ni nyota mbili? Mbona naona moja?

Mgeni wa Anga:
Wakuu, salaam. Juzi mwezi haukuwepo, nikaitafuta Sumbula, nyota angavu kuliko zote katika kundinyota la Mashuke. Nilifuata upinde wa mkia wa Dubu Mkubwa hadi Simaki, yenye rangi ya chungwa, nikaendelea na upinde uleule mpaka nikaifikia. Nimesoma kwamba ni nyota mbili, lakini hata kwa darubini naona nukta moja tu. Kosa ni la darubini au la macho yangu? Na ule ubuluu wa Sumbula unatoka wapi?

Mkesha:
Ndugu, macho yako mazima na darubini yako haina kosa. Nimeitazama nyota hii miaka mingi na sijaziona mbili hata siku moja. Zimekaribiana mno: kati yao ni kama theluthi tu ya umbali wa Utaridi kutoka kwenye Jua, nazo ziko miaka nuru 250 hivi kutoka hapa. Zinazungukana kwa siku nne.

Aliyezigundua, Hermann Vogel wa Ujerumani, mwaka 1890, naye hakuziona. Alitawanya mwanga wa nyota hiyo kuwa rangi kama za upinde wa mvua, na kupima mistari myeusi iliyomo. Nyota ikitujia, mistari husogea upande wa buluu. Ikituacha, husogea upande wa nyekundu. Mistari ya Sumbula ilikuwa ikienda na kurudi, kwa hiyo kuna kitu kilichokuwa kikiivuta. Mimi hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Ubuluu ni joto. Chuma kikiwa motoni huanza chekundu, kikizidi kupata moto hugeuka cheupe. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi. Ile kubwa kati ya hizi mbili inakaribia 25,000. Uzito wake ni kama mara kumi ya Jua, na sehemu kubwa ya mwanga wake ni wa urujuanimno, ambao macho hayauoni kabisa.

Nuru Kali:
Mkesha, ongeza na umbo! Zinavutana kwa nguvu hadi zimerefuka kama yai. Zikizunguka, mara tunaona ubavu, mara ncha, na mwangaza hubadilika kidogo sana. Vyombo hupima, jicho halitambui.

Mgeni wa Anga:
Asanteni sana. Kumbe! Ila kwangu rangi inametameta, mara buluu, mara nyeupe, hata wekundu kidogo.

Mkesha:
Hiyo ni hewa yetu, hasa nyota ikiwa chini karibu na upeo. Isubiri ipande juu, halafu ivuruge fokasi makusudi mpaka nukta itanuke iwe kiduara. Mwanga ukisambaa hivyo, rangi hujitokeza vizuri. Kisha ifanyie Simaki vivyo hivyo.

Mgeni wa Anga:
Nimetoka nje sasa hivi. Kiduara cha Sumbula ni cheupe chenye ubuluu mwepesi, kimetulia. Cha Simaki kama kaa la moto. Nimerudia mara tatu.